Kabati la seva nyumbani: namna ya kulinyamazisha bila kulichemsha

Seva yangu ya kwanza ya nyumbani, yaani kompyuta inayowaka mchana na usiku kuhudumia vifaa vingine, ilikuwa mashine bapa iliyostaafishwa ofisini, niliyoipata kwa bei ya kutupa. Nikaipachika kwenye kabati la chuma kando ya meza, nikachomeka waya, nikabonyeza kitufe. Feni zake sita zikapiga yowe kwa nusu dakika, zikatulia kidogo, kisha zikabaki na mluzi mwembamba uliopenya mlango wa chumba cha kulala kana kwamba mlango haupo. Usiku wa pili nikaulizwa gizani: "Hivi hiyo ndege yako inapaa saa ngapi?"

Nikafanya wanachofanya wengi. Nikanunua sponji, nikaibandika kuta zote za kabati, nikafunga mlango. Kwa robo saa nyumba ikatulia, nami nikajiona fundi. Kisha joto likapanda ndani, vihisio vikaliona, feni zikaongeza mwendo, na kelele ikarudi kubwa kuliko ya mwanzo, safari hii ikisindikizwa na harufu ya gundi iliyopata moto.

Kelele ya kabati la seva ni moshi tu. Moto wenyewe ni joto. Feni haipigi kelele kwa ukorofi, inapiga kwa sababu imeambiwa kuna joto la kutoa. Kwa hiyo mpangilio wa hatua zilizo hapa chini si wa mapambo. Sponji na mlango ni vya mwisho kabisa. Ukivitanguliza, utavibandua.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kushika kitu

Ngoja usiku, nyumba ikitulia. Zima friji kwa dakika chache kama iko karibu, kisha kaa mita moja mbele ya kabati. Baada ya muda sikio litaanza kuchambua, na kile ulichokiita "kelele" kitagawanyika. Kuna mluzi wa juu, huo kwa kawaida ni feni ndogo. Kuna mvumo mzito ambao unausikia zaidi kwa kuweka mkono mezani kuliko kwa sikio, hizo ni diski zinazozunguka. Kuna mkwaruzo wa kukatikakatika, vichwa vya diski vikisoma na kuandika. Kuna "nzzz" isiyobadilika, ambayo huweza kuwa transfoma ya UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) au bati lililolegea.

Ili kujua sauti inatoka wapi hasa, mafundi wa magari wana ujanja wao wa zamani: bisibisi ndefu. Weka ncha yake kwenye ganda la nje la kifaa, kamwe usiipeleke ndani wala karibu na chochote chenye umeme au kinachozunguka, na mpini uuegemeze kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mtetemo utapanda kwenye chuma hadi fuvuni, nawe utasikia diski ya tatu inavyounguruma kuliko jirani zake.

Halafu tumia kiganja. Bonyeza ubavu mmoja wa kabati, kisha wa pili, kisha mlango, kisha bati la juu. Sauti ikishuka ulipobonyeza, umepata ngoma. Kwangu ilikuwa ubavu wa kushoto. Nilipoukandamiza, karibu nusu ya kero ikapotea papo hapo, nikauachia, ikarudi. Nilipochutama na tochi nikaona kwamba skrubu ya chini haikuwepo, na bati lote lilikuwa likicheza kwa unene wa karatasi. Skrubu moja! Nilikuwa nimekaa miezi nikilaumu feni.

Mwisho, zima kifaa kimoja kimoja na usikilize kila mara. Usidhani seva ndiyo mkosaji. Mara nyingi ni swichi ndogo ya mtandao, yenye feni moja ya milimita 40, inayopiga mluzi kuliko mashine nzito zote zilizo chini yake.

Andika namba. Programu ya simu ya kupima sauti haiwezi kushindana na kipimo halisi cha maabara, lakini kwa kulinganisha kabla na baada inatosha kabisa, mradi simu iwe mahali pale pale, kimo kile kile, saa ile ile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza sauti isiyokatika ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 usiku. Lengo hilo ni gumu, lakini linakuonyesha upande wa kuelekea.

Desibeli zina hesabu yake, na usipoijua utakata tamaa mapema. Vifaa viwili vyenye desibeli 40 kila kimoja, vikiwaka pamoja, havifiki 80 bali 43. Sasa geuza hesabu hiyo: ukikinyamazisha kimoja kabisa, utakuwa umeshuka desibeli 3 tu, na sikio litakuambia hujafanya kitu. Sikio huhisi kelele imepungua nusu pale inaposhuka kama desibeli 10. Na kifaa kilicho chini ya kikubwa kwa desibeli 10 huongeza chini ya nusu desibeli kwenye jumla. Maana yake, piga kifaa chenye sauti kubwa kwanza, hadi kilingane na cha pili, kisha wapige wote wawili. Kuhangaika na kidogo wakati kikubwa kinanguruma ni kufagia uwanja wakati wa upepo.

Hatua ya 2: Jiulize kama lazima likae hapo

Hii ni fupi. Waya wa mtandao wa shaba unafanya kazi hadi mita 100. Kama una stoo, gereji au korido yenye hewa, kulihamishia kabati huko kutakupa zaidi ya hatua nyingine zote kwa pamoja. Epuka kabati la nguo, epuka bafu kwa sababu ya unyevu, na epuka darini ambako jua la mchana hupika. Kama huna pa kulipeleka, endelea.

Hatua ya 3: Punguza joto lenyewe

Kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto, yote, hakuna inayobaki. Kwa hiyo nunua kipima umeme cha kuchomeka ukutani, uchomeke kabati zima, usome. Mashine inayokula wati 200 mchana na usiku ni hita ndogo uliyoiwasha na kuisahau.

Swali linalouma ni hili: kazi unayoifanya inahitaji mashine hiyo? Nyumba nyingi zinahifadhi mafaili, zinarekodi kamera mbili tatu, zinatiririsha filamu, na jioni zinafanya nakala rudufu. Kompyuta ndogo za kisasa, zile zinazokaa kiganjani, nyingi hutumia wati 10 hadi 20 zikiwa hazina kazi nzito, na zinaimudu shughuli hiyo bila jasho. Najua seva kubwa ina raha yake ya kuiangalia, taa zikipepesa. Lakini raha hiyo inalipiwa kwa usingizi.

Kama unabaki nayo, yako mambo ya kufanya. Seva yenye prosesa mbili inaweza kuishi na moja; toa ya pili, ila soma kwanza kitabu cha ubao mkuu kwa sababu baadhi ya nafasi za kumbukumbu na za kadi hufa pamoja nayo. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka mashine inapoanza kuwaka, uwashe njia za kuokoa umeme ambazo mashine za ofisini mara nyingi huja zimezimwa. Kama una mashine tatu, ziunganishe ziwe moja yenye mashine pepe ndani yake, yaani kompyuta za kiprogramu zinazogawana mashine moja. Kazi nzito kama kukagua diski zote au kubana video, zipangie mchana.

Diski za kuzunguka zinastahili kuangaliwa moja moja. Kila moja ya inchi 3.5 hula wati 4 hadi 8 hata ikiwa haifanyi lolote, na hupiga mvumo masaa yote. Diski sita za zamani zenye nafasi ndogo zinaweza kupisha mbili kubwa zinazoakisiana, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake. Mfumo wa uendeshaji na mashine pepe vihamishie kwenye diski za SSD, ambazo hazina kinachozunguka, hivyo mkwaruzo wa vichwa nao unaondoka. Zilizobaki, kama zinaguswa mara moja kwa siku, zilaze kwa amri hii ya Linux (mfumo wa uendeshaji), ambapo sdb ni jina la diski:

hdparm -S 120 /dev/sdb

Namba 120 hapo si dakika. Kila moja ni sekunde 5, kwa hiyo jumla ni dakika 10. Lakini diski inayoamshwa kila robo saa usiilaze, kwa sababu kuanza na kusimama mara kwa mara huichosha, na sauti yake ya kuamka saa nane usiku ni mbaya kuliko mvumo wa siku zote. Tazama kwanza ni programu gani inayoigusa. Mara nyingi utakuta ni daftari la kumbukumbu za mfumo, linaloandika mistari miwili kila dakika.

Usafi nao umo humu. Vumbi likijaa kwenye mbavu za kupozea prosesa, feni hulazimika kukimbia zaidi kwa kazi ile ile. Unapopuliza kwa hewa ya kopo, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Yakiachwa yazunguke ovyo, beringi huumia.

Hatua ya 4: Feni kubwa, mwendo wa polepole

Hapa ndipo penye ushindi, kwa hiyo tukae.

Uniti moja ya kabati la seva ni milimita 44.45 kwenda juu. Ndiyo sababu seva bapa haiwezi kubeba feni iliyozidi milimita 40, na feni ndogo hiyo, ili isukume hewa ya kutosha, hukimbia mizunguko zaidi ya 10,000 kwa dakika. Chukua feni yenye mapanga 5 ikienda 12,000. Gawa kwa 60, zidisha kwa 5, unapata mapigo 1,000 kwa sekunde, na juu yake sauti nyingine za 2,000, 3,000 na kuendelea. Sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya 2,000 na 5,000. Yaani feni hiyo imelenga shabaha kabisa. Feni ya milimita 120 yenye mapanga 7 ikienda 1,200 hupiga mapigo 140 kwa sekunde, sauti ya chini ambayo sikio huisamehe.

Kanuni ya pili ni tamu zaidi. Ukipunguza mwendo wa feni nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka takriban desibeli 15. Sasa weka feni mbili za namna hiyo badala ya moja. Hewa imerudi pale pale ilipokuwa, kelele imepanda desibeli 3 tu kwa sababu ziko mbili, na bado umebaki na faida ya desibeli 12. Hewa ile ile, na sikio linasikia chini ya nusu.

Unahitaji hewa kiasi gani? Zidisha wati kwa 3, gawanya kwa nyuzi za joto unazokubali hewa ipande ikipita kabatini. Kabati la wati 200, ukikubali nyuzi 10, linataka mita za ujazo 60 kwa saa. Feni yoyote nzuri ya milimita 120 itakutangazia zaidi ya hapo kwenye boksi lake, ila namba ya boksi imepimwa hewani bila kizuizi. Ndani ya kabati lenye kichujio na nyaya, hesabu nusu.

Kwa mashine inayotumia Linux, anza na amri ya sensors uone joto na mwendo, kisha amri ya pwmconfig itajaribu kila feni na kukuuliza ipi imesimama. Feni yenye nyaya nne hupokea amri ya mwendo moja kwa moja. Yenye tatu inapunguzwa kwa volti, na si kila ubao unaweza. Unapopanga joto gani lilete mwendo gani, weka nafasi ya nyuzi kadhaa kati ya kupanda na kushuka, na uiambie isubiri sekunde kadhaa kabla ya kubadilika. Sikio huzoea sauti isiyobadilika kama linavyozoea mvua. Lisichozoea ni feni inayopanda na kushuka kila prosesa inapokohoa.

Seva za ofisini zina kidhibiti chao pembeni, kinachosomeka hivi:

ipmitool sdr type Fan

Nilipobadilisha feni za mashine yangu nikaweka za polepole, kikatokea kioja. Seva ilinyamaza kwa sekunde tano, ikapiga yowe, ikanyamaza, ikapiga yowe, kama mgonjwa wa pumu. Kidhibiti kilikuwa kimewekewa kiwango cha chini kabisa cha mizunguko kinachokubalika. Kikiona feni imeshuka chini ya hapo, kinaamini imekufa, kinazipeleka zote mwisho wa mwendo. Kinaona zinakimbia vizuri, kinazishusha. Kinaamini imekufa tena. Dawa ni kushusha viwango vyake vya chini, ambavyo ni vitatu kwa kila feni, feni moja baada ya nyingine:

ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300

Majina ya feni na namba zinazofaa hutofautiana, kwa hiyo soma zilizopo na uziandike pembeni kabla hujagusa. Seva nyingine nazo hupandisha feni zikiona kadi zisiyoitambua. Toa kadi, washa tena, usikilize, kabla ya kununua chochote.

Kuna jaribu la kununua feni za milimita 40 zinazoitwa za kimya na kuzipachika kwenye seva bapa. Ukimya wake unatokana na kukimbia polepole, na zikikimbia polepole hazitoi hata nusu ya hewa ya zile za kiwandani. Prosesa inaweza kuvumilia, lakini kumbukumbu na kadi zilizo nyuma yake zinakaangwa taratibu. Maoni yangu, baada ya kupoteza muda wangu: seva ya uniti moja haikuumbwa kuishi na watu. Hamishia ubao wake kwenye kasha la uniti nne kama vipimo vinakubali, au iuze. Na pawa saplai usiifungue hata kama feni yake ndiyo inayokuudhi. Kapasita zake hushika umeme baada ya waya kuchomolewa, nao haubishi hodi.

Jambo dogo lililonisumbua wiki nzima: feni mbili zinazofanana, moja ikienda 1,200 na nyingine 1,210, hugongana sauti na kutoa "wo-wo-wo" inayopanda na kushuka kila sekunde. Hakuna iliyoharibika. Zitenganishe waziwazi, moja 1,100 na nyingine 1,300, sauti hiyo inakwisha.

Hatua ya 5: Kata mtetemo usifike kwenye sakafu

Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutetema mara 120 kwa sekunde, ya 5,400 mara 90. Wimbi la sauti la mapigo 120 lina urefu wa karibu mita 2.9. Hakuna sponji ya kabati itakayolimeza wimbi la ukubwa huo. Lazima likatwe linapozaliwa, kabla diski haijaikabidhi fremu, fremu haijaukabidhi ubavu, na ubavu haujaanza kuimba.

Anzia ndani kwenda nje. Weka vishikizo vya mpira kati ya diski na trei, lakini usiiache ining'inie kama bembea. Kichwa kinapokimbia upande mmoja, mwili wa diski iliyo huru sana hujipinda upande wa pili na kusoma kunakuwa kwa tabu. Feni zifungwe kwa pini za mpira badala ya skrubu. Kaza kila skrubu ya kabati, weka ukanda mwembamba wa sponji pale mabati yanapogusana. Mabati mapana yanayoimba yabandikwe karatasi nzito ya lami, ile inayowekwa ndani ya milango ya magari. Huna haja ya kufunika bati zima. Kipande kinachofunika theluthi yake, kikikaa katikati, kinatosha kuligeuza kutoka "tiiing" kuwa "tup". Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada, utacheka.

Kisha miguu. Kabati lisiguse ukuta, na nyaya zisikazwe kama nyuzi za gitaa, maana hupitisha mtetemo vizuri tu. Chini ya kila mguu weka mpira mnene. Uchaguzi wake una siri: mpira lazima ubonyee kidogo kwa uzito wa kabati, lakini usibonyee hadi mwisho. Uliokandamizwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe ni jiwe. Kama sakafu ni ya mbao, tandika bamba zito la zege juu ya mpira, kisha kabati juu ya bamba.

Hatua ya 6: Nyoosha njia ya hewa

Ziba nafasi zote tupu mbele ya kabati kwa vibao vya kuziba. Zikiachwa wazi, hewa ya moto ya nyuma huzunguka na kurudi mbele, seva inavuta pumzi yake yenyewe, na feni zinapanda bila sababu ya maana. Hewa iingie mbele kwa chini, itokee nyuma kwa juu. Funga nyaya pembeni zisikatishe njia.

Wavu wa bati uliotobolewa ukikaa karibu sana na mapanga ya feni hutoa mluzi wake wenyewe. Isogeze feni nyuma kwa sentimita mbili kwa fremu tupu, au badilisha wavu uwe wa waya mwembamba. Ni kazi ya dakika kumi ambayo watu wengi huiruka.

Hatua ya 7: Sasa sponji na mlango

Kuna kuzuia sauti na kuna kuimeza, navyo si kitu kimoja. Kinachozuia ni uzito: ubao wa plaiwudi wa milimita 18, bati nene, mlango mzito wenye ukanda wa mpira pembeni. Sponji haizuii. Kazi yake ni kumeza sauti inayogongagonga ndani ili isijikusanye. Sponji peke yake, bila ukuta mzito nyuma yake, ni pazia.

Unene wake nao una hesabu. Sponji humeza vizuri kuanzia pale unene wake unapofikia robo ya urefu wa wimbi. Ya sentimita 5 inashika mapigo 1,700 kwa sekunde kwenda juu, ya sentimita 2.5 inashika 3,400 kwenda juu. Chini ya hapo inadhoofika taratibu. Kwa hiyo inamaliza mluzi uliobaki, lakini mvumo wa diski hauijui. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazifanyi lolote. Sponji ya godoro usiiweke kabisa, inashika moto kwa kasi ya kutisha. Chukua iliyoandikwa kwamba imetiwa dawa ya kuzuia moto.

Shida kubwa ya kabati ni matundu. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta linaufanya ukuta mzima usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa chuma kitupu. Nalo kabati la seva haliwezi kukosa matundu. Njia ya kutoka ni kuyageuza matundu kuwa mahandaki. Tengeneza sanduku la mbao lenye kona mbili ndani, lipambe kwa sponji kuta zote, ulifunge mbele ya tundu la kuingizia hewa, na jingine kwenye la kutolea. Hewa hupinda kona bila taabu, sauti kali hugonga sponji kila kona. Kipimo chake ni tochi: mwanga ukipita moja kwa moja kutoka ndani hadi nje, mluzi nao utapita. Usilibane handaki. Feni ya milimita 120 ina duara la sentimita za mraba 113, kwa hiyo njia iliyobaki baada ya sponji iwe 150 hadi 200, la sivyo utairudisha feni mbioni.

Matundu ya nyaya yazibwe kwa brashi au sponji iliyopasuliwa. Ni madogo, lakini kumbuka ile asilimia 1.

UPS iache nje ya sanduku hili. Betri za risasi na asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na kuifungia ndani ya joto ni kununua betri nyingine mapema.

Kabla hujaliamini kabati lililofungwa, lijaribu. Funga mlango, wape prosesa na diski kazi nzito kwa saa mbili, nawe ukae chumbani ukisoma joto la diski kila dakika kumi:

smartctl -A /dev/sda

Watengenezaji wengi wa diski za kawaida huweka mwisho kwenye nyuzi 60. Mimi sikubali zivuke 45. Hewa ya ndani, mbele ya seva, isizidi ya chumbani kwa zaidi ya nyuzi 10. Ikizidi, usiongeze mwendo wa feni mara moja. Tafuta palipobana kwanza. Weka pia amri ya kuizima seva yenyewe joto likivuka kiwango ulichochagua, kwa ajili ya siku feni itakapokufa ukiwa safarini, na ufunge king'amua moshi juu ya kabati.

Ndani ya mlango wangu kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu. Ina tarehe, desibeli kwa mita moja, joto la diski yenye joto zaidi, na mizunguko ya kila feni. Mstari wa juu unasoma 52, wa chini 33, na kati yake kuna mistari kumi na moja. Mstari wa juzi una nyota pembeni: feni ya nyuma imeanza kukwaruza kidogo ikiwaka asubuhi, kisha inanyamaza ikipata moto. Beringi yake inaaga. Ya akiba ipo kwenye droo, na Jumamosi naibadilisha.